Mashujaa Wawili, Farasi Mmoja

Pale stendi ya Bunda, bodaboda akipakia abiria wawili nyuma yake tunasema amebeba mishikaki. Trafiki akimwona, safari imeishia hapo. Sasa, wajukuu zangu, shikeni picha hiyo akilini. Ondoeni pikipiki, wekeni farasi. Ondoeni helmeti, wekeni kofia za chuma, kisha kila mtu mpeni ngao na mkuki. Wanaume wawili wazima wamebanana juu ya mgongo wa mnyama mmoja. Picha hiyo ilichongwa kwenye muhuri wa kundi la wapiganaji lililoogopwa sana huko Ulaya na Mashariki ya Kati, miaka 800 iliyopita. Wafalme na maaskofu walipokea barua zao, na mwisho wa barua iko mishikaki.

Kwa nini wawili? Maelezo ya kawaida ni kwamba ilikuwa alama ya ufukara: ndugu hawa ni maskini hata farasi mmoja wanapanda wawili. Ila ukisoma kanuni zao wenyewe unakuta kila shujaa aliruhusiwa farasi watatu. Nilipofika hapo, mjukuu wangu wa darasa la sita, mbishi kuliko wenzake wote, akanikatiza: "Babu, kwa hiyo walidanganya?" Nikamwambia asubiri. Nanyi subirini.

Mwaka 1099 majeshi ya Wakristo kutoka Ulaya yaliuteka mji wa Yerusalemu. Waliua humo Waislamu na Wayahudi wengi mno, na hilo msilisahau tunapoendelea, maana katika hadithi hii hakuna upande ambao haukumwaga damu. Baada ya ushindi, askari wengi walifunga virago wakarudi kwao. Waliobaki walikuwa wachache, wakajifungia nyuma ya kuta za miji, barabara zikabaki hazina mwenyewe. Hujaji alishuka melini bandari ya Jaffa akaanza kupanda milima kwenda Yerusalemu, safari ambayo urefu wake haupishani sana na wa kutoka Musoma hadi Bunda. Sisi leo tunapanda Noah, tunabanana, tunalalamikia nauli, tumefika. Wao walikwenda kwa miguu, na njiani majambazi walikuwa wamejibanza kwenye mapango. Wengi hawakufika.

Karibu mwaka 1119, Mfaransa mmoja aitwaye Hugues de Payens alikwenda mbele ya mkuu wa Kanisa la Yerusalemu pamoja na wenzake wachache. Masimulizi ya zamani yanasema walikuwa 9. Wakaweka nadhiri. Wale mnaosali parokiani mnawajua masista na watawa, mnajua kwamba wanaahidi mambo matatu: ufukara, useja na utii. Hugues na wenzake waliahidi hayo hayo matatu, kisha wakaongeza la nne ambalo halikuwahi kusikika kwa mtawa yeyote: watawalinda mahujaji kwa upanga.

Fikirieni jambo hilo kidogo. Mtawa ni mtu wa rozari na kitabu. Askari ni mtu wa damu. Zama zile Kanisa lilimtazama askari kwa jicho la wasiwasi, kama mtu ambaye roho yake iko hatarini kila anapochomoa silaha. Halafu hawa wanakuja wanasema tutakuwa vyote viwili, asubuhi sala, mchana vita. Mfalme Baldwin II wa Yerusalemu aliwapa makazi ndani ya jumba lake, ambalo kumbe ndilo Msikiti wa Al-Aqsa, na Wakristo waliamini umesimama palipokuwa hekalu la Mfalme Sulemani. Ndipo wakaitwa Askari Maskini wa Kristo na wa Hekalu la Sulemani. Jina refu kama treni ya mizigo. Watu wakalikata, wakawaita Watempla, yaani watu wa hekalu.

Mwaka 1129 maaskofu walikutana Troyes, Ufaransa, wakawakubali kuwa shirika halali la kitawa. Mtawa aliyewapigia debe kuliko wote alikuwa Bernard wa Clairvaux, ambaye baadaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu. Walivaa joho jeupe, na mwaka 1147 Papa akawaruhusu kushona juu yake msalaba mwekundu. Msalaba huo mwekundu ukumbukeni. Utasafiri mbali.

Sehemu ninayoipenda mimi ni zile kanuni. Walikula kimya, mmoja akiwasomea maandiko. Nyama mara tatu kwa wiki. Bakuli moja watu wawili, kwa sababu bakuli zenyewe hazikutosha (mnaona, wawili tena). Nywele fupi. Viatu vyenye ncha ndefu, ambavyo vijana wa Ulaya walivitambia kama ninyi mnavyotambia raba, vilipigwa marufuku. Mwanamke yeyote hawakuruhusiwa kumbusu, awe shangazi, awe dada, awe mama mzazi. Hapo huwa nawakumbusha watu kwamba Chifu Burito Nyerere wa Butiama alikuwa na wake 22, na Mgaya, mama yake Mwalimu Julius, alikuwa wa tano. Mtempla angesikia hayo angeanguka kutoka kwenye farasi.

Kuwinda nako kulikatazwa, kwa mbwa au kwa mwewe. Ila mnyama mmoja aliruhusiwa: simba. Siku zile Palestina ilikuwa na simba, na kanuni ilikumbuka kwamba Petro katika waraka wake amemfananisha Ibilisi na simba mwenye njaa. Basi kumuua simba kulihesabiwa karibu sawa na kusali. Kwa sisi tunaokaa jirani na lango la Ndabaka, ambako mtu akimgusa simba wa Serengeti anakwenda kujieleza mahakamani, kanuni hiyo ina ucheshi wake.

Msidhani kila Mtempla alikuwa juu ya farasi. Mashujaa wenye joho jeupe walikuwa wachache. Nyuma yao walikuwepo wasaidizi wenye joho jeusi au la kahawia, waashi, wapishi, wafua vyuma, wachunga kondoo, wakulima wa zabibu. Wengi wao waliishi Ulaya maisha yao yote, Yerusalemu wakaisikia tu. Kazi yao ilikuwa kuzalisha mali ipelekwe kule vitani.

Mtauliza kwa nini hapa Mara hatukuwa na wapiganaji wa farasi. Jibu linaruka na lina mabawa mawili: mbung'o. Farasi akiumwa na mbung'o wa porini, hachukui muda anakonda na kufa. Wapiganaji wa huku walitembea kwa miguu, na hawakuunganishwa na nadhiri bali na rika. Vijana waliotahiriwa pamoja walikuwa ndugu mpaka uzeeni. Kwa Wakurya kuna hata makundi ya vizazi yanayopokezana zamu, Abasai, Abamaina, Abachuma na wengineo, kijana akiingia katika kizazi kinachofuata cha baba yake. Hapo ndipo tofauti ilipo. Rika unalikuta linakungoja tangu siku unayozaliwa, utaliingia upende usipende. Utempla unauomba wewe, ukiwa mtu mzima, na ukishaingia unaiacha familia yako nje ya mlango.

Turudi Yerusalemu. Msomi mmoja wa Kiislamu kutoka Shaizar huko Syria, Usama ibn Munqidh, aliandika kumbukumbu za maisha yake uzeeni, na ndani yake kuna kisa ninachokithamini. Alikuwa na kawaida ya kufika Al-Aqsa, na Watempla, ambao aliwaita rafiki zake, walimwachia chumba kidogo pembeni ili aswali. Siku moja akiwa katika swala, Mzungu mmoja alimrukia, akamgeuza kwa nguvu aelekee mashariki, akimfokea kwamba hivyo ndivyo watu wanavyosali. Watempla wakamwondoa yule mtu. Usama akaanza tena. Mtu yule akavizia, akamgeuza tena. Watempla wakamtoa nje kabisa, wakamwomba Usama radhi: mgeni huyu ameingia juzi tu kutoka kwao, hajawahi kuona mtu anayeswali bila kuelekea mashariki. Watu hao hao wangeweza kukutana na binamu zake Usama vitani mwezi unaofuata, wakauana. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja katika nchi moja, na mimi sina namna ya kuyatenganisha.

Vita vilivyowavunja mgongo vilikuwa vya Hattin, Julai 1187. Sultani Salahuddin alikuwa ameuzingira mji wa Tiberia, ulio kando ya Ziwa la Galilaya. Jeshi la Wakristo lilikuwa limepiga kambi Saffuriya, penye chemchemi za maji ya kutosha. Mkuu wa Watempla, Gerard de Ridefort, alimshawishi Mfalme Guy usiku kwamba wasikae, waende wakapigane. Gerard alikuwa mtu wa kichwa moto, na mara nyingi kichwa moto huonekana kama ushujaa mpaka jua litoke. Tarehe 3 wakaondoka. Jua la Julai, mavazi ya chuma, farasi wanatokwa povu, na njiani hakuna maji. Wapanda farasi wa Salahuddin wakawa wanawarushia mishale pembeni na nyuma kutwa nzima, kusudi wasifike mbali. Usiku wakalala na kiu. Asubuhi ya tarehe 4 Waislamu wakawasha moto kwenye nyasi kavu, upepo ukawapelekea moshi usoni.

Ninyi mmesimama juu ya mlima Balili pale Bunda. Mmeona Ghuba ya Speke inavyong'aa chini, maji mengi kana kwamba unaweza kunyoosha mkono ukachota. Ndivyo lilivyokuwa ziwa lile kwa watu wa Hattin. Waliliona. Askari wa miguu walivunja safu wakakimbilia vilimani, wengine wakatupa silaha. Jioni Mfalme alikuwa mateka. Salahuddin, ambaye kwa watu wengi alikuwa mwungwana, aliwabakiza mateka wengi ili wakombolewe kwa fedha, lakini Watempla na wenzao wa Hospitali ya Mtakatifu Yohane, shirika jingine la watawa askari, zaidi ya 200 kwa jumla, aliamuru wakatwe vichwa. Alijua kwamba hao hawatarudi nyumbani kulima zabibu. Gerard mwenyewe aliachwa hai. Tarehe 2 Oktoba Yerusalemu ikafungua milango, na Al-Aqsa ikasafishwa kwa maji ya waridi, ikarudi kuwa msikiti.

Watempla hawakwisha hapo. Waliendelea kukaa katika miji ya pwani kwa karibu miaka 100 zaidi, mpaka Mei 1291 mji wa Akka ulipoanguka mikononi mwa sultani wa Misri, na Mkuu wao, Guillaume de Beaujeu, akafa akiulinda ukuta. Walionusurika walivuka bahari hadi kisiwa cha Kupro. Kisiwa hicho, msishangae, waliwahi kukinunua kizima kutoka kwa Richard, mfalme wa Uingereza, mwaka 1191, kwa makubaliano ya sarafu 100,000 za dhahabu, wakitanguliza 40,000. Wenyeji wakaasi, biashara ikawashinda, mwaka uliofuata wakakirudisha. Kupro ni kikubwa kuliko Ukerewe mara nyingi.

Maskini gani hao wananunua kisiwa? Sasa, mjukuu wangu mbishi, jibu lako limefika.

Mtempla mmoja mmoja kweli alikuwa fukara. Hakumiliki hata mfuko. Akifa akakutwa ameficha pesa, alinyimwa maziko matakatifu. Lakini shirika lilipokea. Mwenye shamba aliyetaka kuombewa alitoa shamba. Mjane alitoa kinu cha kusagia. Mfalme alitoa ngome. Mwaka 1139 Papa akawapa waraka wa kuwatoa chini ya mamlaka ya maaskofu, na upendeleo wa namna hiyo ukaendelea kuongezeka. Chukueni SACCOS kubwa kuliko zote mnazozijua, ambayo wanachama wanaweka kila siku na hakuna anayeruhusiwa kutoa hata senti. Baada ya miaka 150 itakuwaje?

Tena walikuwa na nyumba kutoka London hadi Yerusalemu, zenye kuta nene na walinzi wasiolala. Mtu anayesafiri aliogopa kubeba fedha njiani. Basi aliziweka kwa Watempla wa Paris, akapewa hati, akafika ng'ambo, akaonyesha hati, akalipwa. Unaweka Musoma mjini kwa wakala, mwenzako anatoa Nyamuswa. Tofauti ni kwamba badala ya meseji kulikuwa na ngozi iliyoandikwa kwa wino, na badala ya namba ya siri kulikuwa na muhuri wa watu wawili juu ya farasi. Walikopesha pia. Mfalme Louis VII wa Ufaransa alikopa kwao akiwa vitani mashariki, na hazina ya wafalme wa Ufaransa ikawa inatunzwa katika nyumba yao ya Paris.

Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mkopo na deni, akaipa jina Mabepari wa Venisi, ikatoka mwaka 1969. Katika kisa kile mdai ndiye anayetishia kukata nyama ya mdaiwa. Kwa Watempla ikawa kinyume.

Mfalme Philip IV wa Ufaransa alikuwa mtanashati wa sura, wakamwita Philip Mzuri. Mfuko wake ulikuwa mbaya. Vita vilimmaliza. Akapunguza madini ya thamani kwenye sarafu, bei zikapanda. Mwaka 1306 akawafukuza Wayahudi wa Ufaransa na kuchukua mali zao. Mwaka huo huo watu wa Paris walichoshwa na sarafu zake, wakafanya ghasia, naye akakimbilia kujificha. Wapi? Ndani ya kuta za Watempla. Walimhifadhi, wakamlisha, na nadhani akiwa humo alipata nafasi nzuri ya kutazama palivyo.

Septemba 1307 barua za siri zikatumwa kwa maofisa wake nchi nzima. Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 13 Oktoba, wakagonga milango ya nyumba za Watempla kila mahali kwa wakati mmoja. Wengi wa waliokamatwa walikuwa wazee na wachunga mifugo. Mashtaka? Wanamkana Kristo wakati wa kupokewa, wanautemea mate msalaba, wanaabudu kichwa cha sanamu. Mkijiuliza watu waliokatwa vichwa Hattin kwa ajili ya msalaba wangeutemea mate kwa sababu gani, mmeuliza swali zuri. Majibu yalipatikana kwa mateso. Huko Paris watu 138 walihojiwa, wakakana wanne tu. Padri mmoja wa shirika alibanikwa miguu juu ya moto mpaka vipande vya mifupa ya visigino vikatoka. Baadaye alikuja navyo mbele ya wachunguzi akawaonyesha. Mtu wa namna hiyo ukimwuliza kama amemuua Sulemani mwenyewe, atakubali.

Baadhi walipopata moyo wa kukanusha yale waliyolazimishwa kusema, wakahesabiwa wamerudia uzushi. Tarehe 12 Mei 1310, watu 54 walichomwa moto nje ya Paris kwa siku moja. Papa Klementi V, ambaye alikuwa Mfaransa na alimwogopa Philip, alilifuta shirika mwaka 1312. Hakusema wana hatia. Alisema tu jina lao limekwisha chafuka mno. Mali ikaamriwa iende kwa wale wenzao wa Hospitali. Machi 1314 Mkuu wa mwisho, mzee Jacques de Molay, alipandishwa jukwaani ili asikie hukumu ya kifungo cha maisha. Akasimama akasema mbele ya umati kwamba kosa lake ni moja, kukiri uongo ili aokoe maisha. Mwenzake Geoffroi de Charney akasema vivyo hivyo. Jioni hiyo hiyo wakachomwa kwenye kisiwa kidogo katikati ya mto Seine. Mwaka haukwisha, Papa akafa, na Philip naye akafa. Watu wakaanza kusimulia laana. Vifo ni kweli. Laana ni utamu wa wasimuliaji, nami kama msimuliaji naielewa tamaa hiyo. Mwaka 2001 mtafiti Barbara Frale aliikuta katika hifadhi ya nyaraka ya Vatikani ngozi ya mwaka 1308 inayoonyesha kwamba wajumbe wa Papa walikuwa wameshawaondolea viongozi hao adhabu ya Kanisa. Ilikuwa imelala humo karibu miaka 700.

Hapo vitabu vingi hufunga. Mimi siwezi kufunga, kwa sababu ule msalaba mwekundu bado haujafika kwetu.

Mfalme Dinis wa Ureno hakuona kosa lolote kwa Watempla wake, na hakutaka ardhi yao iangukie kwa wageni. Akajadiliana na Papa mpya, na mwaka 1319 likaanzishwa shirika jipya: Shirika la Kristo. Nyumba zile zile, mashamba yale yale, ndugu wengi wale wale, na baadaye makao yao yakawa ngome ya Tomar ambayo Watempla waliijenga kuanzia mwaka 1160. Msalaba nao ukabaki mwekundu, ila ndani yake ukawekwa msalaba mwembamba mweupe. Walichobadilisha ni jina. Watoto wa Mara mtaelewa upesi: mtu akihama kutoka Tarime kwenda Serengeti na ng'ombe wake, ng'ombe hawawi wapya.

Mwaka 1420 msimamizi wa shirika hilo akawa Henrique, mwana wa mfalme wa Ureno, mtu wa kutuma merikebu kusini kwenye pwani ya Afrika mwaka hadi mwaka. Mapato ya Shirika la Kristo yalisaidia kuzilipia. Na mwaka 1456 Papa Kalisti III akaandika waraka unaolipa shirika hilo mamlaka ya kidini juu ya nchi zote zitakazopatikana kuanzia Rasi Bojador, huko Afrika Magharibi, mpaka Bara Hindi. Tazameni ramani muone kilichomo katikati. Sofala imo. Kilwa imo, na Mombasa, na Malindi. Sultani wa Kilwa siku hiyo alikuwa anaswali katika msikiti wake wa matumbawe, anapokea dhahabu na kuuza nguo, na hakuna Mreno aliyewahi kumwona. Huku kwenye ngozi moja huko Ulaya, nchi yake ilikwisha wekwa chini ya watawa wa Tomar.

Merikebu zilifika Mombasa Aprili 1498. Vasco da Gama aliondoka Lisbon Julai ya mwaka uliotangulia, akitumwa na Mfalme Manuel, ambaye kabla ya kuvaa taji alikuwa msimamizi wa Shirika la Kristo. Da Gama mwenyewe wakati huo alikuwa wa shirika jingine la mashujaa, la Santiago. Alihamia la Kristo mwaka 1507. Picha za zamani za misafara ya Wareno zinaonyesha matanga yenye msalaba mwekundu. Mombasa hawakuelewana naye. Malindi walimpokea, wakampa rubani aliyeijua njia, akafika Calicut tarehe 20 Mei. Nguzo yenye msalaba inayokumbusha ujio wake bado ipo Malindi, juu ya mwamba, imeelekea bahari.

Mwaka 1502 alirudi akiwa na mizinga zaidi, akamtoza Amiri Ibrahim wa Kilwa kodi ya dhahabu kwa vitisho. Julai 1505 akaja nahodha mkuu mwingine wa Ureno, Francisco de Almeida. Kuna mtu aliyekuwemo kwenye msafara huo aliyeandika yaliyotokea Kilwa, na utaratibu wake ndio unaoniachia baridi mwilini. Walishuka alfajiri, wakauteka mji. Kisha mapadri wakashuka na misalaba miwili, wakaandamana wakiimba wimbo wa kumshukuru Mungu mpaka jumba la mfalme. Msalaba ukasimamishwa, nahodha mkuu akasali. Baada ya sala, uporaji ukaanza. Mombasa ilichomwa mwezi uliofuata. Kilwa walijenga ngome, wakaishi humo miaka michache, mwaka 1512 wakaondoka wenyewe.

Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, wakaikalia mpaka Waomani walipoiteka Desemba 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Shirika la Kristo nalo lilikuwa likipoteza utawa wake pole pole. Mwaka 1834 Ureno ilifuta mashirika yote ya kitawa. Leo Shirika la Kristo ni nishani ambayo rais wa Ureno huwavisha watu anaotaka kuwaheshimu. Hawana farasi, hawana nadhiri, na wengi wana wake zao waliokaa viti vya mbele wakipiga makofi.

Mjukuu wangu aliuliza swali la mwisho: Wareno walifika Musoma? Hawakufika. Ila maneno yao yamefika. Ile bendera mnayoipandisha shuleni kila asubuhi ni neno la Kireno, lilishuka kutoka kwenye merikebu hizo. Na kanisa kwa Kireno ni igreja. Watu wa pwani waliliona likiwa ndani ya kuta za ngome, pamoja na mizinga na mateka, wakalitamka kwa ulimi wao: gereza. Ngome kuukuu ya Kilwa inaitwa hivyo mpaka leo. Ile ya Mombasa, Waingereza waliifanya jela kweli, kuanzia 1895 hadi 1958. Kesho ukipita mbele ya Gereza la Musoma, kule juu ya geti, lisome neno lile taratibu.